Fundo liko wapi? Kumsaidia mwanafunzi anayekwama katika sarufi na ufahamu wa Kiingereza

Soma sentensi hii: "The tovin glabbed a mirt near the old dask." Sasa jibu. Nani alitenda? The tovin. Ilimfanya nini mirt? Ili-glab. Wapi? Near the old dask. Majibu yote ni sahihi, na hujui hata moja lina maana gani, kwa sababu tovin, mirt na dask havipo duniani. Nimevibuni sasa hivi.

Mtego huu hutunasa wengi tunaowasaidia watoto masomo. Mtoto anapewa kifungu cha habari na maswali kumi, anapata manane, tunaridhika. Kumbe alichofanya ni kuchukua neno kutoka kwenye swali, kulisaka ndani ya kifungu, kisha kunakili sentensi nzima lilimolala. Ni ujanja unaofaa mpaka siku swali litakapoulizwa kwa maneno tofauti na yale ya kifungu. Siku hiyo alama zinaporomoka na nyumbani watu wanaanza kusema mtoto amekuwa mvivu.

Sentensi ile ya kubuni inaonyesha jambo la pili pia. Bila kujua maana ya neno lolote la msingi, ulitambua mtenda, mtendwa na mahali, na ulijua kwamba jambo limekwisha kutokea. Uliyapata hayo kutokana na sarufi peke yake: mpangilio wa maneno, "the" na "a", na ile "-ed" ndogo. Ndiyo maana siafikiani na wanaosema sarufi haina maana, mtoto asome tu hadithi. Siafikiani pia na wanaomkaririsha mtoto kanuni mwaka mzima bila kumpa ukurasa wa kusoma. Sarufi, msamiati na ufahamu vimesokotana kama nyuzi za kamba, na anayetaka kusaidia ashike kwanza mahali penye fundo.

Kutafuta mahali anapokwama

Kusema "huyu hajui Kiingereza" ni sawa na kusema "huyu anaumwa". Anaumwa wapi?

Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walitoa maelezo mafupi ambayo hadi leo yanasaidia sana. Walisema ufahamu wa kusoma ni zao la vitu viwili: uwezo wa kuyatambua maneno yaliyoandikwa, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe mtu anapoisikia. Walisema zao, yaani vitu hivyo huzidishwa, havijumlishwi. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri hata kama kingine ni kikubwa kiasi gani.

Kutoka hapo unaweza kufanya jaribio dogo nyumbani, kwa dakika kumi au kumi na tano. Chagua kifungu kifupi cha kiwango cha darasa lake. Kwanza asome mwenyewe kimya, halafu akueleze amesoma nini. Mruhusu aeleze kwa Kiswahili, kwani ukimlazimisha kueleza kwa Kiingereza utakuwa unapima kuzungumza na hutajua kama ameelewa. Akishindwa, msomee wewe kifungu hichohicho kwa sauti, taratibu. Akielewa kwa kusikia, basi lugha anayo, kinachomshinda ni maandishi. Asipoelewa hata kwa kusikia, mweleze habari ile kwa Kiswahili. Akielewa sasa, upungufu uko kwenye Kiingereza chenyewe, katika maneno au katika sarufi. Na kama hata kwa Kiswahili hakuelewa, basi habari yenyewe ni ngeni kwake, na mazoezi ya nyakati za vitenzi hayatamfaa kitu kwa kifungu kile.

Watoto wanne wanaweza kupata sifuri katika swali moja, kila mmoja kwa sababu yake. Kuwapa wote dawa moja ni kuwapotezea muda watatu.

Maandishi yanayosema uongo

Aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili amezoea herufi zinazotimiza ahadi. Irabu ni tano na kila moja ina sauti yake popote ilipo. Kiingereza kina herufi 26 zinazobeba sauti zipatazo 44, na karibu 20 kati ya hizo ni za irabu. Tazama "though", "through", "rough", "cough" na "bough": herufi nne za mwisho ni zilezile, matamshi matano tofauti.

Mtoto anastahili kuambiwa kwamba si yeye aliye mzito. Tahajia hiyo ina historia. William Caxton alipeleka mashine ya uchapaji Uingereza mwaka 1476, na tahajia ikaanza kuganda wakati matamshi ya irabu ndefu yalikuwa bado yanabadilika. K ya "knight" ilikuwa ikitamkwa zamani, ulimi ukaiacha, karatasi ikaendelea kuishika. B ya "debt" haikuwahi kutamkwa kwa Kiingereza. Iliingizwa na wasomi waliotaka neno lifanane na asili yake ya Kilatini.

Hata hivyo mifumo ipo. E isiyotamkwa mwishoni hubadili irabu iliyotangulia: "hat" na "hate", "bit" na "bite", "hop" na "hope". Fundisha maneno kwa familia namna hiyo, mengi yenye tabia moja kwa pamoja, na yale yaliyoasi yashikwe moja moja kwa kuyaona mara nyingi. Kwa masikio, zingatia jozi ambazo Kiswahili hakizitenganishi, kama "ship" na "sheep" au "bad" na "bud". Mtoto asiyesikia tofauti atakosea kuandika hata akirudia imla mara ishirini.

Makosa mengi ya sarufi yana Kiswahili ndani yake

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo msaidizi anayejua Kiswahili vizuri ana faida ambayo kitabu cha sarufi kutoka ng'ambo hakiwezi kumpa.

Mwanafunzi anaandika "My mother she works here." Mwalimu anakata "she" kwa wino mwekundu, na wiki inayofuata "she" imerudi. Imetoka wapi? Imetoka kwenye "mama yangu anafanya kazi". Ile a- ya "anafanya" ni lazima iwepo kwa Kiswahili, hata kama mama ametajwa. Mtoto hakubahatisha, ametafsiri a- kwa uaminifu. Kadhalika "the man whom I saw him". Tenganisha "niliyemwona": ni-li-ye-mw-ona. Ile -mw- ndiyo "him". Ukimwonyesha kwamba Kiingereza kikishasema "whom" hakihitaji -mw- tena, amepata sababu ya kuliacha neno lile, na sababu hukaa kichwani kuliko mkwaruzo wa wino.

Nyakati ndizo zinazotesa zaidi, na kisa kikubwa ni kiambishi -me-. Vitabu vingi husema -me- ni sawa na "have" au "has", na mara nyingi ni kweli: "amemaliza", "she has finished". Lakini -me- hufanya kazi ya pili, ya kueleza hali ambayo mtu yumo sasa. "Amelala" mara nyingi maana yake yuko usingizini. "Amesimama mlangoni" maana yake yuko pale, wima. "Amevaa koti" maana yake koti liko mwilini. Mwanafunzi anayefuata kanuni ya kitabu ataandika "he has slept", "he has stood at the door", "he has worn a coat", wakati Kiingereza kinataka "he is asleep", "he is standing", "he is wearing". Halafu kuna "amefika jana", ambayo kwa Kiswahili haimshtui mtu. Kiingereza hukataa "he has arrived yesterday", kwa sababu ukishataja wakati uliokwisha, kama jana au mwaka jana, "has" inaondoka na kubaki "he arrived yesterday".

Kiambishi -na- nacho kina sura mbili. "Anasoma" inaweza kuwa "she is reading", sasa hivi kitabu kiko mkononi, au "she reads", ni tabia yake. Hapa Kiswahili chenyewe kina ufunguo: hu-. Mwambie mtoto ajaribu kuweka hu-. Kama "yeye husoma" inakaa vizuri na maana haijabadilika, aandike "she reads". Kama haikai, kwa sababu jambo linatokea dakika hii, aandike "she is reading". Kipimo hicho hakitatui kila kitu. "Najua" haiwi "I am knowing" hata kidogo, maana vitenzi vya kujua, kuamini na kupenda kwa kawaida hukwepa "-ing". Lakini kinatatua mengi, na mtoto anakibeba bila kitabu.

Ufunguo mwingine ninaoupenda sana ni wa kukanusha. Kosa la "I did not went" limeenea kila mahali. Mwulize mwanafunzi akanushe "nilikwenda". Atasema "sikwenda". Mwulize -li- imekwenda wapi, na kwa nini hasemi "sikulikwenda". Ataona mwenyewe: -ku- imechukua kazi ya kuonyesha wakati uliopita, kwa hiyo -li- imeondoka. "Did" inafanya kazi hiyohiyo. Imeshabeba wakati uliopita, basi "went" inarudi kuwa "go". Kanuni ambayo ilionekana ya kigeni kabisa, kumbe alikuwa nayo kinywani tangu utotoni.

Hata "a" na "the" zina mlango. Inasemwa kwamba Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo, na ni kweli hakuna neno linalokaa mahali pao. Lakini linganisha "nilinunua kitabu" na "nilikisoma kitabu hicho". Kitabu cha kwanza ni kigeni kwa msikilizaji. Cha pili anakijua, na ile -ki- pamoja na "hicho" vinamwambia kwamba ni kilekile. "I bought a book. I read the book." Mara nyingi mahali ambapo ungependa kusema "kile" au "hicho" ndipo "the" inapokaa. Haitoshi kwa kila jambo, lakini ni mwanzo bora kuliko orodha ya kanuni ishirini. Na heshimu udogo wa vineno hivi: "few students finished" inalalamika kwamba karibu hakuna aliyemaliza, ilhali "a few students finished" inasema wapo kadhaa waliomaliza. Herufi moja imegeuza habari.

Mambo mengine nayapitia kwa haraka. "Habari zote" ni wingi kwa Kiswahili, lakini "information" haina wingi, sawa na "advice", "furniture" na "equipment". "Yeye" haitaji jinsia, kwa hiyo "he" na "she" zitachanganywa na mtoto anayejua vizuri kabisa kwamba dada ni mwanamke. Na swali la "Hujamaliza?" tunalijibu "ndiyo, sijamaliza", tukikubali alichosema muulizaji, Mwingereza hujibu "no, I haven't", akifuata ukanushi wa kitendo. Usimcheke mtoto kwa hilo. Ana mantiki, ila ni mantiki ya lugha nyingine.

Ipo hata hivyo sehemu ambayo si kosa la Kiswahili pekee. Ile "-s" ya "she goes" huchelewa kwa watu wa lugha nyingi, na huchelewa hata kwa watoto wa Kiingereza wenyewe. Roger Brown, katika uchunguzi wake wa watoto watatu wa Kimarekani uliochapishwa mwaka 1973, aliona kwamba "-ing" na "-s" ya wingi zilitangulia, na "-s" ya kitenzi ikafuata baadaye sana. Mtoto anaweza kuitaja kanuni neno kwa neno asubuhi na kuivunja jioni. Kuijua kanuni ni jambo moja, kuwa nayo mkononi unapoandika ni jambo la pili, na kati ya hayo mawili kuna mazoezi mengi.

Kusahihisha bila kumzika mtoto

Chukua mazungumzo haya. Mtoto anasema, "Yesterday I go to the library." Mkubwa anajibu kwa upole, "Oh, you went to the library?" Mtoto anasema, "Yes." Mkubwa anaamini amesahihisha. Mtoto anaamini ameulizwa swali naye amelijibu.

Roy Lyster na Leila Ranta walichunguza jambo hili katika madarasa ya Kanada ambako watoto walisomeshwa kwa Kifaransa, lugha isiyo ya kwao, na wakachapisha matokeo mwaka 1997. Zaidi ya nusu ya masahihisho ya walimu yalikuwa ya aina hii ya kurudia kwa usahihi, na mara nyingi mwanafunzi aliendelea kama kwamba hakuna kilichosahihishwa. Kinachomfanya mtoto ajirekebishe ni kumwachia nafasi ya kufanya hivyo. Sema "Yesterday I…?" kisha nyamaza. Kimya cha sekunde nne au tano ni kirefu, tena kinaumiza kidogo, lakini ndani yake ndimo "went" inamotafutwa na kupatikana.

Kwenye maandishi, S. Pit Corder alitufundisha mwaka 1967 kutofautisha kuteleza na kukosea. Anayeteleza anajua kanuni ila mkono umemponyoka. Anayekosea bado hana kanuni hiyo, au ana kanuni yake mwenyewe. Namna ya kujua ni rahisi. Weka alama pembeni ya mstari bila kuonyesha kosa, umwambie kuna kitu hapa. Akilipata, hakuhitaji somo, alihitaji kusoma tena kazi yake. Asipolipata, hapo ndipo pa kufundisha.

Na tafadhali, usisahihishe kila kitu. Insha iliyorudi imejaa wekundu kama imechinjiwa kuku haisomwi na mwenyewe. Anaangalia alama, anaikunja, basi. Chagua aina moja ya kosa kwa wiki, lile linaloharibu maana kuliko mengine, ulifuate hilo. Mengine yatangoja zamu yao.

Maneno yanayoonekana rahisi

Hu Hsueh-chao na Paul Nation walifanya jaribio mwaka 2000 linalofanana na mchezo wetu wa tovin: walichukua hadithi na kubadili baadhi ya maneno kuwa maneno ya kubuni, kwa viwango mbalimbali. Wasomaji waliobakiwa na asilimia 80 tu ya maneno wanayoyajua, hakuna aliyeelewa vya kutosha. Hitimisho lao ni kwamba msomaji anahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno ili asome kwa raha bila msaada. Hiyo ni maneno mawili mageni katika kila mia.

Mhesabie mwanafunzi wako. Chagua maneno mia mfululizo kwenye kitabu anachosoma, apige mstari chini ya yale asiyoyajua. Yakifika kumi, kitabu hicho hakimfundishi kusoma, kinamfundisha kukata tamaa. Mpe chepesi zaidi, na asione aibu hata kama kimeandikwa kwa watoto wadogo kuliko yeye. Kitabu kigumu ni cha kusoma pamoja nawe, aya moja moja. Chepesi ni cha kusoma peke yake, kurasa nyingi.

Ugumu wenyewe mara nyingi hauko kwenye maneno marefu. "Photosynthesis" ina maelezo yake kwenye kitabu na mwalimu ataliandika ubaoni. Hakuna anayeandika ubaoni "unless", "although", "hence" au "despite", na hayo ndiyo yanayogeuza hoja. Asiyeijua "unless" ataisoma "the plant will not grow unless it gets light" kana kwamba mmea hauoti unapopata mwanga. Kuna na "hardly": "he hardly worked" inamaanisha karibu hakufanya kazi kabisa, lakini mwanafunzi anaona "hard" ndani yake na kuandika kwamba alichapa kazi kwa bidii. Na "must" aliyofundishwa kuwa ni "lazima" inampotosha kwenye "she must have left", ambayo ni kukisia tu: bila shaka ameshaondoka.

Jim Cummins alieleza tangu mwaka 1979 kwamba lugha ya kuzungumza kila siku na lugha ya masomo ni vitu viwili. Mtoto aliyezungukwa na lugha ya pili huweza kuimudu ile ya mazungumzo kwa miaka kama miwili, lakini ile ya darasani humchukua mitano hadi saba kufikia wenzake wenye lugha hiyo. Anayezungumza Kiingereza kwa mbwembwe na kufeli ufahamu si mwongo wala si mzembe. Kwa upande wa masomo, Averil Coxhead alikusanya mwaka 2000 orodha ya familia 570 za maneno yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma ya fani mbalimbali, kama "analyse", "factor" na "require". Familia hizo huchukua karibu sehemu moja ya kumi ya maandishi ya aina hiyo. Kwa mwanafunzi wa sekondari ni mtaji mzuri kuliko kamusi nzima. Ayapate matano kwa wiki, ndani ya sentensi, na kuyarudia kesho, keshokutwa na wiki ijayo.

Kuelewa kuna mambo mengine

Tuseme maneno anayajua na sarufi anaiweza. Bado anaweza kukwama.

Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi 64 habari ya mchezo wa besiboli wasome, kisha waiigize kwa vinyago juu ya uwanja wa mfano. Wanafunzi waliohesabiwa kuwa wasomaji dhaifu lakini wanaujua mchezo waliwapita wasomaji hodari wasioujua. Maarifa ya jambo lenyewe yalizidi umahiri wa kusoma. Kwa hiyo kabla ya kifungu kuhusu volkano, ongea kuhusu volkano. Kwa Kiswahili, dakika tano. Mwulize anajua nini, mchoree. Wapo wanaoona huko ni kumvujishia mtihani. Kwangu mimi huko ndiko kufundisha, kwa sababu kila habari anayoijua leo kwa lugha yoyote itamsaidia kusoma kesho.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni uchunguzi wa Ellen Markman wa mwaka 1979. Aliwasomea watoto vifungu vinavyojipinga. Kimojawapo kilieleza kwamba chini kabisa ya bahari hakuna mwanga hata kidogo, kisha kikasema samaki wa huko hutambua chakula chao kwa rangi yake. Watoto wengi hawakuona tatizo, hata baadhi ya wakubwa wa darasa la sita. Kila sentensi waliielewa ilipokuwa peke yake. Hawakuziweka mbili pamoja. Hii ndiyo sababu swali la "umeelewa?" halifai. Mtoto atakujibu ndiyo, na hadanganyi. Hajui kwamba hajaelewa. Badala yake mwombe afunge kitabu na akusimulie, au umpe kifungu ulichokiharibu makusudi kwa kuchomeka sentensi moja isiyowezekana, aitafute. Watoto hupenda mchezo huo, na macho yao huanza kusoma kwa mashaka mazuri.

Kipo kikwazo kimoja ambacho ni chetu sisi wa Kiswahili, na sikioni kikizungumzwa. Soma: "The boys left the bags under the trees because they were heavy." Nani au nini kilikuwa kizito? Kwa Kiswahili hakuna swali. "Walikuwa" ni wavulana, "yalikuwa" ni mabegi, "ilikuwa" ni miti. Ngeli zetu hufuatana na jina popote liendapo, na msomaji hapotei. Kiingereza kinaviweka vyote kwenye "they" moja, na kitabu, mti, gari na ukuta vyote vinakuwa "it". Msomaji wetu amezoea kuongozwa na alama ambayo ghafla haipo, naye huendelea kusoma bila kugundua kwamba amepoteza uzi.

Dawa inatoka palepale. Mpe aya fupi, azungushie kila "it", "they", "this" na "which", kisha aseme sentensi hiyo kwa Kiswahili. Ngeli itamlazimisha kuchagua. Akisema "walikuwa wazito", umeliona fundo na mnaweza kulijadili: je, uzito wa wavulana ungewafanya waache mabegi? Ni zoezi lisilohitaji kitabu wala mashine, na linagusa sarufi na ufahamu kwa pamoja.

Yamebaki maswali ambayo jibu lake halikuandikwa. "Amina closed her umbrella and left it dripping by the door." Hali ya hewa ilikuwaje? Neno "rain" halipo popote, kwa hiyo msakaji wa maneno atarudi mikono mitupu na kusema swali limekosewa. Annemarie Palincsar na Ann Brown, mwaka 1984, walionyesha faida ya kuwapa wanafunzi zamu ya kuongoza mazungumzo juu ya kifungu: kutoa muhtasari, kutunga swali, kufafanua palipo na utata na kubashiri kitakachofuata. Hata mkiwa wawili tu mezani inawezekana. Aya hii uliza wewe, aya ijayo aulize yeye, nawe ujibu kwa dhati. Maswali anayotunga yatakuonyesha anasoma kwa kina gani. Mwanzoni yatakuwa ya nani na wapi. Baada ya majuma kadhaa utaanza kusikia "kwa nini" na "ingekuwaje kama".

Na anapokupa jibu, hata likiwa sahihi, mwulize "umejuaje?" Aweke kidole kwenye mstari. Kwa mwavuli wa Amina atagusa "dripping" na kusema maji yanadondoka, basi umetoka kwenye mvua. Akigusa mstari na kusema "kwa sababu neno la swali liko hapa", funikeni swali hilo kwa karatasi na muisome aya upya.